Nimekula ada ya chuo, sasa nataka kusaini mkataba wa miaka saba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Chang'ombe hapa Dodoma na mama pamoja na wadogo zangu wawili. Nasoma diploma, mwaka wa pili, katika chuo kimoja cha hapa mjini. Na ninachana, yaani nafanya rap. Nilianza kidato cha pili, tukishindana mistari nyuma ya darasa, na miaka yote hiyo hakuna aliyenijua zaidi ya watu wa mtaani na wanachuo walionipa maiki kwenye sherehe za kukaribisha mwaka wa kwanza.

Mwezi wa nane mwaka jana nilikwenda Hombolo kwa bibi, kumsaidia kuvuna zabibu. Jioni moja bibi na wenzake walikuwa wanafanya mazoezi ya muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kwa ajili ya sherehe ya jirani. Nikawarekodi kwa simu, basi tu, kwa sababu zile ngoma zilinisisimua. Niliporudi mjini nikampelekea rafiki yangu ambaye ni prodyuza. Ana kompyuta moja, spika mbili, na chumba huko Nkuhungu alichokibandika magodoro ukutani. Akazikata ngoma za akina bibi, akazipanga, akaongeza besi. Mistari niliiandika usiku ule ule. Wimbo unaanza na sauti ya bibi akisema "Mbukwenyi", ile salamu ya Kigogo, halafu naingia mimi, Kiswahili na Kigogo vinapokezana. Ni habari za bibi anayemuuliza mjukuu wake wa mjini shamba atamwachia nani.

Shangazi, huo wimbo umetoka. Ulianza kwenye bajaji, ukaenda vyuoni, redio za hapa zikaupiga. Nimeitwa Kibaigwa, Kondoa na Singida kufanya shoo, moja walinilipa laki tatu. Chaneli yangu ya YouTube ilikuwa na watu 40, sasa ni 1,300 na kitu.

Ndipo akaja mtu kutoka Dar es Salaam. Ana lebo, anasema ni meneja. Alikuja na treni asubuhi, tukakaa hotelini, akanionyesha mkataba wa kurasa 11 wa Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha darasani, ila nilichoelewa ni hiki: miaka saba, asilimia 70 yake na 30 yangu baada ya gharama, nyimbo zote za zamani na zijazo zinakuwa za lebo, jina langu la kisanii pia. Nikiondoka kabla ya muda nalipa milioni 150. Nikisaini leo, kesho napewa milioni 3 za kuanzia. Natakiwa kuhamia Dar na kuacha chuo. Anasema wimbo utarudiwa na prodyuza wao, ile sauti ya bibi itolewe kwa kuwa inanuka ushamba, na rafiki yangu apewe laki mbili ya asante. Ameomba pia nenosiri la chaneli yangu ili aipangepange.

Mama hataki hata kusikia. Kwake rap ni uhuni na bangi. Anauza mbogamboga soko la Majengo, anaamka saa kumi usiku.

Kuna jambo lingine ambalo halihusiani sana, ila naliandika tu. Video ya ule wimbo niliifanya kwa laki nne na nusu ambazo mama alinipa za ada ya muhula. Alizikopa kwenye kikoba. Yeye anajua nimelipa. Mitihani ni mwezi ujao, na asiyemaliza ada haingii chumba cha mtihani.

Shangazi, nisaini niende Dar, au nibaki Dodoma nizeeke na wimbo mmoja? Meneja anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mchanaji, Chang'ombe, Dodoma (jina tunalihifadhi)

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Umeniuliza juu ya Dar na Dodoma, lakini barua yako ina aya moja uliyosema haihusiani sana. Nimeirudia hiyo kuliko nyingine zote. Ungekuwa huna deni la ada, nina hakika mkataba ule ungeusoma kwa macho mengine. Ungecheka ulipofika penye milioni 150. Sasa hivi huoni kurasa 11. Unaona milioni 3, ndani yake unaona laki nne na nusu, na unaona mama asipojua kamwe. Unataka kuuza miaka saba ili ufiche laki nne na nusu, mwanangu. Sikuambii hivyo kukuumiza. Nakwambia kwa sababu mtu mwenye siri ya namna hiyo hawezi kukaa mezani na mfanyabiashara wakazungumza kama watu wawili. Atasaini chochote.

Kwa hiyo ada kwanza. Utamwambia mama. Najua umeruka mstari huo ukasoma chini, rudi juu usome tena. Mama aliyekopa kikoba anadaiwa kila juma, na wenzake wanamwangalia usoni. Akijua hela zilikwenda wapi atakasirika, pengine atalia, pengine hatakupikia siku mbili. Lakini atajua kwa mdomo wako na si kwa kukuona umefukuzwa mlangoni pa mtihani. Halafu nenda chuoni, ofisi ya mhasibu, kabla ya mitihani haijakaribia zaidi, ukaombe kulipa kwa awamu. Waombe kwa barua, usiende kwa maneno matupu. Una malipo ya shoo, hata kama ni kidogo. Shoo mbili za laki tatu zinafuta hilo deni, na kuanzia leo hela ya shoo ipite kwanza kwa mama ndipo ifike kwenye viatu.

Sasa mkataba. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu zako kama vile wewe ni mwanangu wa kumzaa. Chukua shoo ya laki tano. Mkataba unasema asilimia 30 yako ni baada ya gharama. Usafiri, chakula, mavazi, wacheza shoo, mtu wa picha, hizo zote zinatolewa kwanza, na anayeziandika ni yeye. Tuseme ameandika gharama za 260,000. Imebaki 240,000. Asilimia 30 ya hapo ni shilingi 72,000. Umetoka jasho jukwaani ukarudi na 72,000. Na hata hizo hutazishika, maana milioni 3 za kuanzia katika mikataba ya namna hii kwa kawaida huwa ni mkopo unaokatwa kwenye fungu lako, si zawadi. Kwa 72,000 kila shoo, itakubidi ufanye shoo 41 bila kushika hata mia, na ya 42 ndiyo itakayokuletea chenji. Nenda kasome kurasa zako uone kama hizo milioni zimeandikwa kuwa zinarudishwa. Nadhani utakuta ndivyo.

Ile milioni 150 usiione ndogo, ila usiiogope kama moto pia. Sheria yetu ya Mikataba haimwachii mtu ajiandikie faini yoyote na mahakama imgongee mhuri. Mahakama hutazama fidia inayofaa, isiyozidi kiasi kilichoandikwa. Lakini mpaka ufike huko umeshakaa miaka bila kutoa wimbo, na msanii chipukizi asiyetoa wimbo miaka miwili mashabiki wameshampata mwingine. Haya si mambo ya kubuni. Msanii Harmonize alipoondoka lebo ya WCB mwaka 2019 alisema mwenyewe hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili awe huru. Yule alikuwa tayari nyota mwenye pa kushika. Wewe ungeuza nini?

Hapo penye jina pananiuma zaidi. Jina lako la kisanii likiwa mali yao, siku ukitoka unatoka uchi. Nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, usajili wenyewe unafanyika kwa mtandao, uulizie alama ya biashara na huduma. Ukisajiliwa, ulinzi ni wa miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kila miaka 10. Fanya hivyo kabla ya kuonana na yule bwana tena. Na nenosiri la chaneli usimpe mtu. YouTube wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo waanze kufikiria kugawana na wewe mapato ya matangazo. La wafuatiliaji umeshalivuka kwa jasho lako. Huwezi kumkabidhi mtu ufunguo wa nyumba kwa sababu amesema anataka kupanga viti.

Nije kwenye wimbo wenyewe, maana hapa ndipo barua yako ilinishika koo.

Unaandika "wimbo wangu". Mwanangu, hesabu watu waliomo. Maneno ni yako. Biti ni ya rafiki yako wa Nkuhungu, aliyekesha bila malipo. Ngoma na sauti ni za bibi yako na wenzake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na inamtambua pia anayeimba na anayepiga, ndiyo maana ikaitwa hakishiriki. Haki hiyo haisubiri cheti. Kazi ikishatungwa na kurekodiwa, ipo, na ya mtunzi inadumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Wajukuu zako wanaweza kula kwenye mistari uliyoiandika usiku mmoja. Sasa unawezaje kumpa mtu wa tatu kitu ambacho nusu yake si chako? Hata kama rafiki yako angekubali laki mbili leo kwa njaa, miaka mitano ijayo akiusikia wimbo ule kwenye tangazo la kampuni ya simu atakukumbuka vibaya, na atakuwa na haki.

Nitakwambia kitu ambacho si rahisi kwangu kukisema. Marehemu kaka yangu alipiga gitaa katika bendi ya dansi. Kuna wimbo wao ambao mpaka leo redio zinaupiga Jumapili mchana, na gitaa linaloufungua ni vidole vyake. Alikufa tukachanga nauli ya kusafirisha mwili. Hakuna karatasi hata moja iliyokuwa na jina lake. Hakuibiwa na jambazi. Alikuwa na marafiki waliosema "tutaelewana baadaye", naye akaamini. Kila ukipigwa wimbo ule, mke wake huzima redio.

Kwa hiyo juma hili, kabla ya Dar, kabla ya lebo, kaa na rafiki yako. Chukueni karatasi moja. Andikeni jina la wimbo, tarehe, nani aliandika maneno, nani alitengeneza biti, nani aliimba na kupiga ngoma, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Wekeni saini mbele ya mtu mzima anayeheshimika. Kisha msajili kazi hiyo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nao watawapa cheti ambacho ni ushahidi mkishitakiana na mtu. Wewe mwenyewe jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, maana shoo kubwa na matamasha ya serikali, ambayo katika mji huu hayaishi, watakuuliza kibali hicho. Na nenda Hombolo. Mpelekee bibi na wenzake fungu lao, hata kama kwa kuanzia ni kilo za sukari na vitenge. Waambie sauti zao zimefika Singida. Waulize kama wameridhia. Nina hakika hujawauliza.

Kuhusu kuitoa ile "Mbukwenyi", nasema kwa kinywa kipana: usikubali. Huyo bwana hakukufuata kutoka Dar kwa sababu unachana kama vijana wa Dar. Vijana hao anao mlangoni kwake. Amekuja Dodoma kwa sababu masikio yake yalisikia kitu asichokuwa nacho, na sasa anataka kukinunua kisha akitupe. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa huku huku kwetu, alitembea dunia nzima na ilimba, yaani marimba ya vidole, na zeze lake akiimba Kigogo. Watu wa Ulaya walikaa kimya kumsikiliza, hawakuelewa neno. Hakuna aliyemwambia ananuka ushamba. Na kama kuna aliyesema, hakumsikiliza.

Je, Dar usiende kabisa? Sijasema hivyo. Redio kubwa ziko huko, televisheni, wapiga video, wadhamini. Kuna wakati itabidi uonekane. Lakini tangu treni ya umeme ianze kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, safari ni kama saa nne. Basi lilikuwa linakula siku nzima. Unaweza kwenda Ijumaa, ukafanya mahojiano Jumamosi, ukarudi ukaingia darasani Jumatatu. Kukaa Dar bila ndugu, bila chuo, ukilishwa na mtu aliyekushikia jina, hiyo ni hadithi nyingine. Atakupangia chumba, na kodi ya chumba hicho utaikuta kwenye ile orodha ya gharama.

Wala usidanganywe kwamba Dodoma ni ya wanasiasa na zabibu tu. Mji huu una wanachuo kwa maelfu, wafanyakazi wa wizara wenye mishahara, kumbi, hoteli na makongamano kila juma. Kuna wasanii wa Dar wanaopanda treni kuja kutafuta hela hapa ulipo.

Lakini sijamchukia meneja. Meneja mzuri ni baraka, maana huwezi kuchana, kudai malipo na kugombana na promota wa Kibaigwa usiku mmoja. Mjibu kwa adabu, kwa maandishi, kwamba unashukuru na unahitaji mkataba wa Kiswahili na muda wa kumwonyesha wakili. Usimpigie, mwandikie. Chama cha Mawakili Tanganyika kina tawi Dodoma. Tafuta wakili mmoja, mlipe ushauri wa saa moja, ni pesa chache kuliko kiatu ulichovaa kwenye video. Mwombe apendekeze miaka miwili badala ya saba, nyimbo za zamani zibaki kwenu, jina libaki lako, gharama yoyote uikubali kabla haijatumika, na asilimia 70 igeuke upande wako. Fungu la meneja anayesimamia tu, asiyewekeza kwenye kurekodi, huwa halifiki hata nusu ya hiyo 70 anayoitaka yeye. Akikataa yote na kusema ni leo au kamwe, basi ameshakujibu.

Mama yako anasema rap ni uhuni. Usimbishie kwa hasira. Mkumbushe kwamba katika Bunge hili hili lililopo Dodoma walikaa wachanaji. Sugu aliingia mwaka 2010 akitokea Mbeya Mjini, akakaa vipindi viwili. Professor Jay akaingia 2015 kwa Mikumi. Mwana FA aliingia 2020 kwa Muheza, na Februari 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Huenda mmoja wao alishawahi kula mchicha wa mama yako bila yeye kujua. Lakini hoja itakayomgusa mama ni matokeo yako ya mitihani na hela ya kikoba iliyorudi. Diploma yako imebakiza muda mfupi, imalize. Na mistari yako ile ya shamba, umeiandika vizuri kwa sababu umesoma na umelima. Usiache kimoja.

Umesema mama anaamka saa kumi usiku. Basi usimwambie alfajiri akiwa anawahi mzigo, wala usiku akiwa amechoka. Kesho mchana nenda Majengo mwenyewe, kaa naye kwenye meza yake, funga mafungu ya mchicha mpaka wateja wapungue. Mbebee kapu njiani kurudi. Mkifika nyumbani, kabla hajavua viatu, mwambie.